Mwanangu ana miaka mitano na nusu, hajakanyaga chekechea. Tunavyoishi nyumbani (uzi mrefu)

MshonaPindo

Habari za humu wakuu. Kule kwenye uzi wa ada za chekechea niliandika mistari miwili tu kwamba wanangu nawaacha wajifunzie nyumbani bila ratiba, watu wakanijia juu, wengine wakauliza kama nipo sawa. Naeleza kwa kirefu. Mwenye haraka apite.

Niko Tanga mjini, Ngamiani. Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani kwangu. Asubuhi nakaanga vitumbua vya kuuza. Baba watoto ana kibanda cha baiskeli, anaziba pancha na kunyoosha ringi. Nayasema haya mapema kwa sababu najua kuna mtu anakuja kuandika kwamba haya ni mambo ya wenye pesa. Watoto ni wawili. Wa kiume nitamwita Kaka, wa kike ana mitatu na miezi, nitamwita Dada. Majina yao hayahusu mtandao.

Kabla sijaolewa nilifanya kazi miaka miwili kwenye chekechea moja, jina naliacha. Tulikuwa na watoto wa miaka mitatu wanaopewa homuweki. Kulikuwa na mmoja kila akifikishwa getini anatapika. Si mgonjwa. Jumamosi na Jumapili hatapiki. Aliyekuwa akifuta yale matapishi ni mimi, na siku moja nikiwa nimeinama na dekio nikasema wangu wakija, wakiwa na umri huu watakaa na mimi kwanza. Hapo hakuna falsafa yoyote, ni matapishi tu. Kwamba jambo lenyewe lina jina, anskulingi, na kwamba kuna mwalimu wa Marekani, John Holt, aliyeanza kulitolea jarida mwaka 1977, hayo nimeyajua baadaye kwenye simu nikisubiri pasi ipate moto.

Kuna watu wanafanya shule ya nyumbani: meza, vitabu, saa tatu hesabu, saa nne kusoma. Sisi hatuna hiyo. Kazi za nyumba zinafanyika, watoto wamo ndani ya kazi, swali likija tunalifuata mpaka lichoke lenyewe.

Mfano mmoja. Chuma changu cha vitumbua kina mashimo saba. Kaka alijua saba kabla ya kujua sita. Kwake mambo yalikuwa "chuma kimoja", "vyuma viwili", yaani saba na kumi na nne. Mwezi uliopita mzee jirani kaja kununua vitumbua saba, katoa noti ya elfu mbili. Kitumbua ni mia mbili. Mikono yangu ina unga, nikamwambia Kaka mhudumie babu. Akavipanga vitumbua kwenye sinia, mbele ya kila kimoja akaweka sarafu ya mia mbili kutoka kwenye kopo. Saba. Akanyamaza kidogo. Halafu akaendelea kupanga sarafu mahali pasipo na kitumbua, huku anataja: elfu moja mia sita, elfu moja mia nane, elfu mbili. Zile tatu za mwisho akazikusanya akampa mzee. Kila asubuhi ananisikia nahesabu kwa mia mbili mia mbili, lakini ile ya kupanga sarafu mbele ya vitumbua sikumfundisha. Sidhani hata kama ningeliwaza.

Wenyeji wa Tanga mnajua Ngamiani barabara zina namba. Kaka anakwenda na baba yake kibandani kwa miguu, kila njia panda anataja barabara ya ngapi. Wakienda namba zinapanda, wakirudi zinashuka. Kuhesabu kurudi nyuma amekujua kwa miguu, si kwa vijiti.

Saa ilitutoa jasho. Simu inaandika 7:00, bibi yake anasema saa moja. Siku hiyo alilia kabisa, akadhani tunamtania. Tukamwambia subiri, sikiliza kila mtu akitaja saa uangalie na simu inasema nini. Baada ya siku mbili tatu akaja na jibu lake: "Mama, simu inadanganya, lakini kila siku inadanganya sita."

Naendelea kesho, kuna nguo ya mtu ya harusi hapa.

FoleniYaUbungo

Naweka kambi. Ila mkuu, huo si ndio utoto wetu wote wa kijijini? Kuchunga, kuuza maandazi, kutumwa dukani. Mmeupa jina la kizungu tu.

MshonaPindo

Sikupingi hata kidogo. Tofauti yetu na kijijini ni kwamba zamani mtoto akitumwa dukani, akirudi hakuna aliyemuuliza "umejuaje chenji?" Mimi nauliza, tena sana. Nikipata jibu nanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, nitaeleza.

MjukuuWaButiama

Mwalimu Nyerere aliliandika hili mwaka 1967 kwenye Elimu ya Kujitegemea. Alisema wazi kwamba Afrika ya kabla ya ukoloni haikuwa na shule, lakini haina maana watoto hawakuelimishwa. Walijifunza kwa kuishi na kutenda. Kwa hiyo dada yetu hajaiga wazungu.

MwalimuWaZamu

Usimchukue Nyerere nusu. Huyo huyo mwaka 1974 kule Musoma chama chake kikaazimia kila mtoto wa Tanzania awe darasani kufikia 1977, na shule zikajengwa kwa udongo na nyasi ilimradi watoto waingie. Alikuwa anataka shule inayofanana na maisha, hakusema tubaki bila shule.

Sasa nije kwa mwanzisha uzi. Mimi nafundisha darasa la kwanza na la pili, mwaka wa 11 huu. Nina mambo mawili. La kwanza ni sheria. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto aliyefikisha miaka saba, amsimamie asome mpaka amalize, na sera mpya, ile ya 2014 toleo la 2023, imeshusha umri wa kuanza darasa la kwanza hadi sita na elimu ya lazima imekuwa miaka 10. Mtoto wako ana mitano na nusu, bado una pumzi, lakini usiwadanganye watu humu kwamba Tanzania mtu anaweza kukaa na mtoto nyumbani mpaka anaota ndevu.

La pili ni kusoma. Umetuambia sarafu na barabara. Anasoma? Maana hesabu za sokoni kila mtoto wa muuza nyanya anazo. Wananijia darasani wanajua chenji kuliko mimi, ukiwaandikia 5 + 3 = wanakuangalia.

MshonaPindo

Mwalimu nakuheshimu, na la sheria uko sahihi, sikusudii kupambana na serikali. Nazungumzia miaka hii ya mwanzo.

Kusoma anasoma. Alianzia kwenye kanga. Mimi nakunja pindo za kanga za watu, kutwa zimetandazwa barazani, na kila kanga ina jina lake pale chini. Alianza kuuliza "hii inasemaje?" Namsomea, anafuata kwa kidole. Kiswahili hakina hila, ukishajua BA na SA umeshajua zitakavyosomeka popote, kwa hiyo akiwa na miaka minne na nusu alikuwa anasoma USISAFIRIE NYOTA YA MWENZIO kwa kukokota, nyo, ta, ya.

Ilinigharimu. Wifi yangu mkubwa alikuja siku moja, anavua viatu mlangoni, Kaka kakaa kwenye mkeka na kanga ya mteja, sauti yote juu: "HA-SI-DI HA-NA SA-BA-BU." Wifi akasimama na kiatu kimoja mkononi. Nilitumia nusu saa kueleza kwamba kanga ni ya mteja na mtoto anajifunza kusoma. Mpaka leo sidhani kama ameamini.

ShangaziHanaNjaa

Nimecheka mpaka mume kaniuliza nasoma nini 😂😂 Wifi alijibiwa na kanga bila mtu kufungua mdomo.

MwalimuWaZamu

Vizuri. Sasa fanya hivi. Chukua karatasi, andika neno hilo hilo hasidi kwa herufi ndogo, umpe. Halafu urudi hapa utuambie.

MshonaPindo

Mrejesho. Mwalimu umenipata.

Niliandika "hasidi". Akaitazama kama mtu anayetazama Kichina. Nikaandika "nyota". Hola. Kanga zote za dunia hii zimeandikwa herufi kubwa, na mimi kwenye daftari la vipimo nazoea kuandika herufi kubwa. Kumbe mtoto anajua nusu ya alfabeti na mimi natamba mtandaoni. Usiku sikulala vizuri, nasema kweli. Niliwaza nimemharibu.

MwalimuWaZamu

Hujamharibu. Sikuuliza ili nikuaibishe. Mtoto aliyeshajua kwamba sauti na alama vinakwenda pamoja ameshavuka mto, herufi ndogo ni ukingoni. Ila usimwekee ubao ukamchapia herufi zote kwa hofu, utaua ulichokijenga. Mwache akutane nazo.

(Nimejishangaa kuandika hivyo. Mimi darasani na watoto zaidi ya 90 nawachapia ubaoni, sina namna nyingine.)

BabaWaLeicester

Salamu kutoka Uingereza. Hapa England sheria ya elimu ya 1996, kifungu cha 7, inasema mzazi ahakikishe mtoto anapata elimu inayomfaa kwa kwenda shule "au vinginevyo". Hilo neno moja "vinginevyo" ndilo tunaloishi juu yake. Nilimwandikia mwalimu mkuu barua kwamba namtoa mtoto, jina likafutwa, halmashauri ya mji ikaniandikia kuuliza ninampa elimu gani. Hawalazimishi mtaala wa taifa kwa mtoto wa nyumbani. Nikiwajibu kwa maelezo yenye kueleweka mambo yanaisha, wasiporidhika wanaweza kutoa amri arudi shule.

Lakini nisiwapambie. Desemba saa kumi jioni ni giza. Hakuna baraza, hakuna jirani wa kuuziwa kitumbua, mtoto anakuona wewe tu siku nzima na wewe unamwona yeye tu. Maktaba ya mtaa ndiyo iliyotuokoa. Huyu dada ana utajiri ambao hauhesabu: watu wanaopita.

HamburgSisiHapana

Hapa Ujerumani msijisumbue hata kuuliza. Mtoto akifika umri ni shule, sheria hairuhusu kusomea nyumbani badala ya shule, ukikaidi unapigwa faini na mbele zaidi unaweza kunyang'anywa baadhi ya haki zako za malezi. Nasoma uzi huu kama mtu anayesoma mapishi ya nyama siku ya kufunga.

KijanaWaKisauni

Nami niko Mombasa. Kwetu Kenya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 yasema mzazi asiyempeleka mtoto shule aweza kutozwa faini hadi shilingi laki moja, au kifungo kisichozidi mwaka, ama vyote viwili. Kuna watu wasomeshao nyumbani, wapo hata hapa mtaani, lakini wengi wafuata mtaala kamili na watoto wafanya mitihani. Hii ya kutofuata chochote ni wachache na hawapendi kujitangaza.

MsemaKweliHupendwi

Mimi niulize swali ambalo mnalikwepa. Umemzungumzia mtoto wa kiume weee, mara sarafu, mara kanga. Wa kike je? Au yeye anajifunzia kuosha vyombo?

MshonaPindo

Hahaha, haki yako. Niliogopa uzi utakuwa mrefu.

Dada hana habari na namba. Dada ni mtu wa viumbe. Mwezi wa saba kuku wetu alianza kuatamia, mayai kumi na moja. Nikawaambia kuku anakaa siku 21. Kwa Dada siku 21 ni sawa na milele. Kaka akakata kipande cha uzi mzito wa cherehani, tukawa tunafunga fundo moja kila jioni baada ya kufungia kuku. Dada hawezi kufunga fundo, kwa hiyo yeye alishika uzi na kusema "bado". Mafundo yalipofika kumi na kitu akaanza kulalia tumbo mbele ya banda kila asubuhi kabla ya chai, anasikiliza. Jioni ya fundo la ishirini alinivuta kanga: "Mama, yai linaongea." Nikabisha. Nikainama. Kweli, lilikuwa linalia ndani kwa ndani.

Yakatoka manane. Yale matatu yaliyobaki aliyauliza wiki nzima. Nilimpasulia moja nyuma ya nyumba, likanuka, akaziba pua, akaangalia mpaka mwisho. Akasema, "Huyu hakupata mama wa joto." Sikumsahihisha. Labda ilikuwa sababu, labda yai halikuwa na mbegu tangu mwanzo. Ule uzi wa mafundo upo, umetundikwa kwenye msumari wa kalenda.

Na kuhusu vyombo, wanaosha wote wawili. Vibaya.

KarafuuYaPemba

Kwetu babu alikuwa hatuachii tucheze bao mpaka tujue kulipanga. Kete 64, kila mtu 32. Sita kwenye shimo linaloitwa nyumba, mbili mbili kwenye mashimo mawili yanayofuata, 22 zinabaki mkononi. Ukikosea hata moja wazee wanakurudisha mwanzo mbele ya baraza zima. Nilipofika darasa la kwanza mwalimu ananiuliza 32 toa 10, nikaona ananitania, hiyo si ndiyo bao.

Ila nakwambia kweli: kaka yangu mkubwa aliishia barazani na bao lake. Mjuzi wa hesabu za kichwani, hana cheti cha kitu chochote, leo anabeba mizigo bandarini. Mimi nilikwenda shule. Baraza lilikuwa moja.

ShangaziHanaNjaa

Hii ya Karafuu imenikata maneno.

DaktariWaVitabu

Kuna utafiti wa Peter Gray, mwanasaikolojia wa Marekani, na mwenzake Gina Riley. Waliwauliza watu wazima 75 waliokulia kwenye mfumo huu wa kutosomeshwa, wengi wao waliendelea na masomo ya juu na walisema wameridhika.

MwalimuWaZamu

Na hao 75 walijitokeza wenyewe kujibu. Aliyeharibikiwa na mfumo anajaza fomu ya nini? Kaka yake Karafuu hakuulizwa. Halafu Marekani mtu asiye na shule ana mlango wa kuingilia chuo. Hapa kwetu mlango ni cheti cha darasa la saba na kidato cha nne, au uje ukubwani na mtihani wa maarifa, QT, ukiwa na ndevu na mke.

MshonaPindo

Ndiyo maana nasema miaka ya mwanzo. Sina jibu la kidato cha nne, na anayeniletea jibu la kidato cha nne kwa mtoto ambaye bado anavaa suruali mbele nyuma, simwamini.

Shangazi aliuliza inbox siku yetu ikoje, nijibu hapa. Hazifanani na zile video za mama amevaa gauni jeupe na watoto wanapaka rangi. Wiki iliyopita Kaka alichukua futi yangu akapima kila kitu: meza, Dada, kuku, mlango. Nikafurahi, nikampiga picha. Nikageuka kupokea simu. Niliporudi alikuwa ameshapima na kukata. Kitenge cha mteja, kipande cha mgongo, amekikata vizuri tu, mstari umenyooka. Mteja alikuwa anakuja saa kumi. Nilipiga kelele ambazo mtaa wa pili wamezisikia, nikasema maneno ambayo mwalimu wa shule angeyasema nami ningemsema hapa jukwaani. Nilikwenda sokoni kutafuta kitenge kile kile, nikakipata kwa bahati, hela ya vitumbua ya siku tatu ikaishia hapo.

Na kuna siku nachoka, nawawekea katuni kwenye simu kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Zipo. Kila wiki zipo.

Lile la kunyamaza sasa. Mtoto akikosea, ulimi wangu unawasha. Akisema "tatu na tano ni saba" natamani kuruka. Nimejizoeza kuuliza "umefikaje?" halafu nitie uzi kwenye sindano polepole ili nipate la kufanya. Mara nyingi kosa analiona mwenyewe kabla sijamaliza kutia uzi. Lisipoonekana, nashona. Sindano imenifundisha kunyamaza kuliko kitabu chochote.

FoleniYaUbungo

Herufi ndogo ziliishia wapi?

MshonaPindo

Nimesahau kuwaambia! Simu ndiyo iliyomaliza kazi. Nilimwambia awe ananiandikia ujumbe kwa baba yake kibandani, "njoo na mkate", "njoo na mafuta". Kwenye kibodi kuna kile kitufe cha mshale unaotazama juu. Akakibonyeza kwa bahati mbaya, herufi zote zikabadilika sura mbele ya macho yake. Akabonyeza tena, zikarudi. Alikaa anabonyeza kile kitufe pengine robo saa, anasema peke yake: "A mkubwa, a mdogo. Huyu amekunja miguu. Huyu hajabadilika." S na O aliwapenda, wanakua tu bila kubadilika. G alimchukia. Kama wiki tatu hivi akawa anasoma paketi za majani ya chai bila shida. Baba yake naye alipata ujumbe mmoja, "njoo na baiskeli nyekundu yangu", ambayo haipo na haijawahi kuwepo.

MwalimuWaZamu

Hiyo ya kitufe nimeiiba. Jumatatu naipeleka shule, japo simu yangu ni moja na watoto ni wengi, nitaichora ubaoni.

MshonaPindo

Wakuu, nimerudi, ni mwezi wa kumi na moja sasa. Nina jambo nataka mnishauri na msinicheke.

Kaka anataka shule.

Hakuambiwa na mtu. Watoto wa jirani wawili wanapita asubuhi na mabegi, na mdogo wao mwakani anaanza darasa la awali shule ya serikali hapo mtaani. Jumapili Kaka kaniuliza yeye atapewa lini begi. Nikamwambia si unajifunza hapa nyumbani, unajua hesabu, unajua kusoma. Akasema, "Najua. Nataka kengele." Nikauliza kengele ya nini. "Ile inayopiga halafu wote wanakimbia."

Sasa mimi miaka hii yote nasema tunamfuata mtoto anakotaka kwenda. Anataka kwenda kule nilikokimbia. Wale wa makundi ya anskulingi ya Marekani nimewauliza, mmoja kaniambia nimweleze mtoto hasara za shule mpaka aelewe. Nikaona basi huko ndiko kumfundisha kwa nguvu, kwa jina lingine.

BabaWaLeicester

Wangu alirudi shule akiwa na miaka tisa, kwa kutaka mwenyewe, kwa ajili ya mpira. Nilinuna mwezi mzima. Alinuna yeye siku moja, waliponyimwa uwanja kwa sababu ya mvua. Mpeleke.

KarafuuYaPemba

Mpeleke na bao umfundishe.

MsemaKweliHupendwi

Kwa hiyo uzi wote huu tumekaa kambini ili mwisho mtoto aende shule ya serikali kama watoto wote? 😂

MshonaPindo

@MsemaKweliHupendwi ndiyo, mkuu. Dada bado yupo nyumbani lakini, na kuku ameanza kuatamia tena.

MwalimuWaZamu

Beba cheti cha kuzaliwa mapema, Januari foleni inakuwa ndefu. Na usimwambie mwalimu wake kwamba mtoto anajua kusoma. Mwache amgundue.

MshonaPindo

Mrejesho wa mwisho, niliwaahidi.

Ameanza. Sare nimeshona mwenyewe, nimeacha pindo refu akue nayo. Siku ya kwanza nilisimama nje ya geti na dekio la moyoni, nasubiri atapike. Hakugeuka hata kuniangalia. Kengele ilipopiga alikimbia kuliko wote.

Mchana alirudi amekasirika kidogo. Wameimba, wamechora yai, mwalimu amewauliza hii ni rangi gani. "Mama, anaijua, lakini anatuuliza." Nikatia uzi kwenye sindano.

Jioni hizi anacheza shule. Dada anakalishwa kwenye mkeka pamoja na kuku mmoja aliyefungwa mguu kwa ule uzi wa mafundo, na lazima wanyooshe mkono kabla ya kusema. Amechukua daftari langu la vipimo, kurasa za nyuma amepiga mistari kwa rula, ni la mahudhurio. Anaita majina. Dada yupo. Kuku yupo, anaitikiwa na Dada. Jumamosi asubuhi nilikuwa jikoni nageuza vitumbua, nikasikia naitwa mara mbili, sikuitika, mafuta yalikuwa moto.

Nimeliona daftari baadaye nikitafuta vipimo vya mteja. Ameandika: mama mtoro. Kwa herufi ndogo zote.